Mwaka Niliokwenda Denmark Nikabaki Timau

Mama tulimzika mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, na mvua ikajizuia mpaka watu wakamaliza kula. Aliyesoma historia ya marehemu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wamama, na alipofika ukurasa wa pili akainua sauti: "Marehemu ndiye mama wa mtu wa kwanza kutoka hapa Kianjokoma kufika nchi ya Denmark." Watu wakageuka kuniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba huko Denmark watoto wachanga hulazwa nje kwenye theluji, na yule mwenzake akamwambia, "Wacha uongo." Lakini hiyo ya theluji ni kweli tupu. Uongo ni mimi. Sijawahi kufika Denmark. Sijawahi hata kupanda ndege iliyosimama. Miaka hii yote nimenyamaza kwa sababu ya mama, na kwa kuwa mama sasa hayuko, nataka kuuandika ule mwaka jinsi ulivyokuwa. Wanaonijua wacheke wamalize, halafu turudi kwa kazi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kazi ilikuwa ya kulea mtoto huko Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kwa Wazungu wa Denmark waliosimamia shamba moja la maua. Sisi wa Kianjokoma, huko Embu, tunajidai tunaijua baridi kwa sababu tunachuma chai kwenye ukungu, lakini ile ya Timau ilinipokea nikishuka gari ikaniingia mpaka kwa meno. Nyumba ilikuwa ya mbao, nyuma yake ngano mpaka macho yachoke, na mezani kulikuwa na mishumaa minne inayowaka. Saa nne asubuhi, jua nje, stima iko. Nikasema moyoni, nimefika kwa watu wa maombi mazito. Kumbe hapana. Mwajiri wangu, ambaye sote tulimwita Mama Sofi kwa jina la mtoto wake, alinieleza kwamba kwao jua la Desemba halina bidii, saa kumi jioni limeshaenda zake, kwa hiyo watu huwasha mishumaa ili nyumba iwe na raha. Hiyo raha wana jina lake maalumu. Nimejaribu kulitamka tangu siku ile na bado koo langu linakataa. Kidenmark ni lugha ya ajabu. Neno wanalianza vizuri kabisa, ukifikiri sasa utalisikia lote, wanameza nusu.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Mama Sofi alimvisha mtoto kofia na soksi mbili mbili, miezi mitano tu huyo mtoto, akamlaza ndani ya kigari chake, akakisukuma nje kwenye veranda ya upande wa mlima, ule upande upepo unakotokea kwa barafu. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akajimiminia kahawa. Nikangoja. Nilidhani amesahau kitu. "Mama Sofi," nikamwambia, "mtoto yuko nje." Akasema, "Ndiyo, analala." Nikangoja tena. "Nje kuna baridi." Akasema, "Ndiyo. Baridi ni nzuri." Alipoingia chooni nikatoka mbio nikamleta mtoto ndani, nikamfunika na leso yangu. Alipotoka akamrudisha nje. Kesho yake nikamleta tena, naye akamrudisha tena, na hakuna aliyempandishia mwenzake sauti. Siku ya tatu aliniketisha, akafungua albamu ya picha. Ilikuwa ni mkahawa mmoja mjini kwao, theluji imefika magotini, na nje ya dirisha vigari saba vimepangwa, kila kimoja na mtoto wake ndani. Akina mama walikuwa ndani wanakula keki. "Na hakuna mtu anawaiba?" nikauliza. Mama Sofi alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikuwa natania hata kidogo.

Mtu aliyenituliza alikuwa Mzee Kirimi, mtunza bustani, Mmeru wa Ruiri, mtu wa kutafuna miraa na kusema ukweli ambao hakuna aliyemuuliza. "Wewe msichana ya Embu," akaniambia, "hiyo mtoto ni yake. Kama anataka ilale kwa friji, ilale. Kazi yetu ni kuangalia mwewe tu." Basi ikawa hivyo. Kila mchana mimi na Mzee Kirimi tuliketi kando ya kigari tumejifunga mablanketi, tukilinda mtoto dhidi ya mwewe na mbuzi wa jirani, na Sofi analala saa tatu mfululizo, mashavu mekundu, anakoroma. Mpaka leo inaniuma kukubali, lakini yule mtoto hakushikwa na kikohozi hata mara moja. Mimi ndiye niliyeugua kifua.

Chakula nacho kilikuwa darasa. Mkate wao ni mweusi na mzito, umejaa mbegu ndani, na kipande kimoja kinakushibisha mpaka kesho. Hawaufuniki kwa mkate mwingine. Wanauacha wazi, wanaupangia vitu juu: ini la kusaga, yai, kitunguu, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye siki na sukari, halafu wanaula kwa kisu na uma kama nyama. Mara ya kwanza niliuinua kwa mkono na samaki akaniangukia kwa mapaja. Walikuwa pia na peremende nyeusi ya chumvi. Narudia, ya chumvi. Mzee Kirimi aliitia mdomoni, akakaa nayo kwa heshima mpaka Mama Sofi alipogeuka, akaitemea waridi. "Hii ni dawa ya ng'ombe," akasema. Lakini kitu kimoja nilikipenda tangu siku ya kwanza. Baada ya kula, kila mtu mezani, hata baba mwenye nyumba mwenyewe, humgeukia aliyepika na kumwambia asante kwa chakula. Na wakikutana na mtu waliyekula naye zamani, kabla ya habari yoyote wanamshukuru kwa ile siku ya mwisho. Nilikuwa nimepikia watu tangu nikiwa na miaka minane na sikuwa nimewahi kushukuriwa. Siku Mama Sofi aliponiambia asante kwa githeri yangu ya mahindi na maharagwe niliingia jikoni nikajifanya natafuta mwiko.

Mambo mengine yote niliyapata kwenye albamu. Mvua ikinyesha tulikaa sakafuni, Sofi katikati yetu akitafuna kona za picha, na mama yake ananitembeza nchi nzima. Hapa ni bandarini, nyumba nyekundu, za manjano na za buluu zimeshikana mabega. Hapa ni watu na baiskeli zao, mpaka mkuu wa kampuni na tai yake. Hapa ni yule msichana wa shaba mwenye mkia wa samaki aliyeketi juu ya jiwe baharini, wageni wanatoka dunia nzima kuja kumwona, na wakimwona wanauliza, ni huyu tu? Hapa ni siku ya kuzaliwa ya nyanya, wamejaza bendera ndogo ndogo za taifa mpaka juu ya keki. Nikauliza kama nyanya alikuwa mbunge. Kisha tukafika kwa mlima. Wana mlima mmoja ambao jina lake kwa lugha yao ni Mlima wa Mbinguni, na Mama Sofi alinionyesha kwa fahari kubwa. Niliitazama ile picha kwa muda. Nikamwita Mzee Kirimi aje aone. Yeye akageuza kichwa kuangalia Mlima Kenya dirishani, akarudi kwa picha, akageuka tena. "Hapa ndio chini yake?" akauliza. Mama Sofi akamwambia hapana, hiyo ndiyo yote.

Mwezi wa saba akaniambia: Krismasi tunaenda nyumbani wiki tatu, na wewe twende, unisaidie na Sofi. Nilipiga simu kwa mama siku hiyo hiyo, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mama yangu hakuwa mtu wa kuweka habari njema ndani ya nyumba. Mlielewe jambo moja kumhusu. Kanisani alikuwa mtu wa benchi la nyuma, karibu na mlango, wa kuitwa sahani zikiwa chafu. Jumapili iliyofuata alitangaza, na Jumapili ya baada ya hiyo akapewa kiti cha mbele, kando ya mke wa mchungaji. Mama akanunua kitambaa kipya cha kichwa. Na kwetu mtu haendi mbali bila kukabidhiwa kwa Mungu, kwa hiyo mwezi wa kumi na moja nikaitwa nyumbani nikaombewe. Nilimwambia mama, "Maitu, pasipoti bado haijatoka." Akanijibu, "Kwani tunaombea iliyotoka?"

Nilipigishwa magoti mbele ya kanisa zima. Wamama walinizunguka wakanishika kichwa, wakaombea ndege, rubani, na hata mafuta. Nilipewa sweta ambayo mama aliifuma mwenyewe, ya kahawia, mikono mirefu kunishinda. Nilipewa nduma na kilo mbili za njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, za kumpelekea malkia wao, kwa kuwa mtu hatembelei wenyewe mikono mitupu. Mwalimu Nyaga, mzee wa kanisa aliyekuwa amefundisha jiografia mpaka akastaafu, alisimama akasema tunataka ripoti kamili: mimea, tabia ya nchi, na kazi za watu. Nilirudi Timau nimebeba gunia.

Pasipoti ilihitaji cheti cha kuzaliwa. Mimi nilizaliwa jikoni kwetu, na aliyenipokea hakuandika popote. Nilikwenda kukiomba ofisini, nikaambiwa nikingoje, nikakingoja. Wiki ikaisha, mwezi ukaingia, tikiti zikafika, na cheti hakikufika. Siku ya kuondoka Mama Sofi alilia kunishinda, akaniachia funguo za nyumba, akasema mwaka ujao. Gari lilipopotea kwenye vumbi niliketi kwenye ngazi na gunia langu la nduma. Kutokwenda kwangu hakukuniumiza sana, nasema ukweli. Kilichoniumiza ni lile benchi la mbele. Kama ningerudi Kianjokoma kesho yake, mimi ningechekwa wiki moja yaishe, lakini mama angesukumwa arudi mlangoni kwa sahani, na watu wangesema alikuwa anajigamba na safari ya mdomo. Nilimwambia Mzee Kirimi hayo yote nikilia kamasi. Akatema mabaki ya miraa. "Wiki tatu?" akauliza. "Na huko ni baridi, na hapa ni baridi. Kaa hapa. Soma hiyo vitabu ya picha. Nani atajua?"

Basi nilijifungia Timau nikaisoma Denmark kama mtu anayengoja mtihani wa taifa. Asubuhi albamu, mchana ramani iliyokuwa ukutani, jioni namwomba Mzee Kirimi aniulize maswali. Sokoni nilikwenda nimejitanda leso mpaka puani. Krismasi yenyewe tuliifanya kama wanavyoifanya kwao, kwa sababu Mama Sofi alikuwa ameniandikia kila hatua nifanye mazoezi. Tulisimamisha tawi la saipresi sebuleni, tukatia mishumaa, na Mzee Kirimi akasimama kando na ndoo ya maji. Kwao watu hushikana mikono wakauzunguka mti wakiimba. Sisi tulikuwa wawili, mikono haikutosha kuuzunguka, tukawa tunafukuzana. Kisha nikapika wali wa maziwa, ule wao wa baridi wenye krimu, ambao ndani yake huficha lozi moja nzima. Atakayeipata anaificha shavuni asiseme, wenzake waendelee kula mpaka waone kifo, na mwisho anapewa zawadi. Lozi sikuwa nayo, nikatia karanga. Tulikula sufuria yote, kila mmoja anamwangalia mwenzake shavu. Sufuria ilipokwisha nikasema, "Haya, toa." Mzee Kirimi akasema, "Nitoe nini? Ile karanga nilimeza kitambo. Nilifikiri ni uchafu." Nilicheka sana, halafu nikalia, kwa sababu nilikuwa mbali na kila mtu na sikuwa mahali popote.

Katikati ya Januari, Mama Sofi akiwa amerudi na mkate mweusi wa kunipa, nikashuka Kianjokoma. Nilikuta kanisa limejaa mpaka nje. Mama alikuwa mbele, kitambaa kichwani, na aliponikumbatia alinishika kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Nikapewa kipaza sauti. Nilipoanza na mishumaa maneno yakaja yenyewe, maana yote niliyasema jinsi nilivyoonyeshwa. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Yale ya kweli walikataa. Yale ya uongo walikubali bila swali. Niliposema ndege ilisimama mahali katikati tukashuka kunyoosha miguu na kununua chai, kanisa zima likaitikia kwa vichwa. Niliposema malkia alizipokea njahi na kusema asante, wamama wakapiga vigelegele. (Njahi zile tulizila mimi na Mzee Kirimi.) Lakini niliposema watoto hulazwa nje kwenye theluji, kukawa na manung'uniko, na mama mmoja akasimama. "Wambeti, tunakupenda, lakini usitufanye wajinga." Niliposema mkuu wa kampuni huenda kazini na baiskeli, vijana wakacheka. Na nilipofika kwa Mlima wa Mbinguni, Mwalimu Nyaga akainua kidole.

"Urefu wake?" akauliza.

"Mwalimu, ni kama kupanda kutoka hapa sokoni mpaka kwa kiwanda cha chai."

"Hicho si mlima. Hicho ni kwenda kazini. Labda ulionyeshwa mlima mwingine."

"Ni huo huo, Mwalimu. Wameujengea na mnara juu."

Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya ile sweta. Nikasema, yameisha, mama yangu ameisha. Halafu Mwalimu Nyaga akawageukia watu. "Huyu mtoto amefika," akasema. "Mtu ambaye hajafika angetudanganya mlima mkubwa." Makofi yakapigwa. Mkate mweusi ukakatwa vipande vidogo vidogo kama sakramenti, kila mtu akaonja, na hakuna aliyeomba cha pili.

Mchana nyumba ilijaa wageni, na saa kumi walipoondoka nikabaki na mama jikoni, yeye anaosha mimi napanguza. Alikuwa ananiambia nani alikula nini na nani alibeba nyama kwa mfuko. Bila kubadilisha sauti, bila hata kuinua macho kutoka kwa karai, akaniuliza, "Na Timau Krismasi kulikuwa na baridi?"

Kikombe kilinitoka mkononi. Hakikuvunjika, kilikuwa cha bati. Mama akakiokota akakiosha tena.

"Mama Njoki huenda Timau kununua viazi," akasema. "Wiki ya Krismasi alikuona sokoni, umejifunga leso kama mtu ana jino. Alikuja kuniambia mbio."

"Ukamwambia nini, Maitu?"

"Nikamwambia wewe uko Denmark, na kama anaona watu wa Denmark huko Timau, macho yake ni mgonjwa, aende akapimwe." Akasuuza sahani. "Na akaenda. Amepewa miwani."

Nilitaka kucheka, lakini kilichotoka ni kilio, na kilipoanza hakikukoma. Nikamwambia cheti kilikataa kutoka, nikamwambia niliogopa atarudishwa nyuma kule mlangoni, nikamwambia kila kitu ni uongo, nitasimama Jumapili niombe msamaha. Mama akaniacha nilie mpaka nikachoka. Alijipanguza mikono kwa aproni, akaketi kwenye kigoda, akanivuta na mimi niketi.

"Hiyo nchi iko ama haiko?" akauliza.

"Iko."

"Hao watoto wanalala nje ama hawalali?"

"Wanalala, Maitu. Sofi mwenyewe nimemwona kwa macho."

"Na wanashukuru mtu akipika?"

"Kila siku. Hata mwanamume."

Mama akalirudia hilo la mwanamume chini chini. "Basi hiyo yote si uongo," akasema. "Uongo ni hiyo ya kwenda tu. Wamama wa kanisa la Manyatta wameomba uende uwaeleze pia Jumapili ijayo, na nimeshakubali. Wewe eleza nchi vizuri. Hiyo ya kwenda niachie mimi."

Jumapili hiyo, kule Manyatta ambako hakuna aliyetujua, mama alisimama kabla yangu. Mwanamke wa benchi la nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akisema zaidi ya amina mbele ya watu, alishika kipaza sauti akaeleza jinsi alivyonisindikiza mpaka Nairobi, jinsi nilivyopanda ngazi za ndege bila kugeuka, na jinsi alivyobaki amesimama akiiangalia ndege mpaka ikawa ndogo, hajui kama atamwona mtoto wake tena. Wamama walitoa vitambaa. Mama mwenyewe alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli. Nikalia na mimi, kwa sababu kwa muda ule mfupi hata mimi nilikuwa nimekwenda.